Kuhesabu Ndege kwa Msimu: Maziwani, Ngulia au Msitu wa Sokoke?

Kila Oktoba simu yangu hujaa jumbe za vijana waliotoka chuo. Mmoja kamaliza Naivasha, mwingine Karatina, mwingine yuko ng'ambo ya mpaka, Mweka. Vyeti vya wanyamapori wanavyo, darubini hawana, na wote wanauliza swali lilelile: "Kaka, kazi ya ndege niitafute wapi msimu huu?"

Siku hizi siwajibu kwa jina la mahali. Nawauliza kwanza: unayaamini zaidi macho yako, mikono yako au masikio yako? Wengine hudhani nawatania. Lakini watu watatu wanaweza kujiita wahesabu ndege na kazi zao zisifanane hata kidogo, na nimeona mtu akilaumu ndege, mbuga na bosi wake kumbe kosa lilikuwa moja tu, alipeleka masikio mahali palipohitaji mikono.

Basi nilinganishe sehemu tatu ninazozijua kwa miguu: hesabu ya ndege wa majini katika maziwa ya Bonde la Ufa mwezi Januari, uvishaji wa pete (kumfunga ndege kipete chenye namba mguuni) kule Ngulia, Tsavo Magharibi, Novemba na Desemba, na hesabu za vituo ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, Kilifi. Zipo nyingine nyingi. Hizi tatu zinatosha kukuonyesha wewe ni mtu wa namna gani.

Maziwani: kazi ya jicho

Hesabu ya Januari ni sehemu ya sensa ya ndege wa majini barani Afrika inayoratibiwa na Wetlands International. Kwa Kenya imekuwa ikifanyika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na huwakusanya watu wa Makavazi ya Taifa, wa KWS (Shirika la Wanyamapori Kenya), wa chama cha wapenda mazingira Nature Kenya na raia wa kawaida wenye darubini. Januari haikuchaguliwa kwa sababu watu wametoka likizo. Wahamiaji waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia wakati huo wameshatulia walikofikia, hawaji wala hawaondoki. Ukihesabu Oktoba unahesabu wapita njia.

Ufuo wa ziwa hukatwa vipande, kila kikundi kikapewa chake, na wote huanza asubuhi moja ili bata aliyeruka kutoka kwako asiandikwe tena kwa jirani. Mmoja anatazama kwa teleskopu, mwingine anaandika. Anayetazama haondoi jicho kwenye kioo, anataja tu: mnandi thelathini na wawili, yangeyange saba, mwari kumi na wanne. Wengi hupigania teleskopu na kuidharau kalamu. Mimi humpa kalamu mtu ninayemwamini zaidi, kwa sababu makosa mengi niliyokuta kwenye fomu yalizaliwa kwenye kuandika. Namba iliyoingia mstari wa juu yake huwageuza mnandi kuwa mwari, na hakuna atakayejua.

Ugumu wenyewe ni makundi. Heroe, au flamingo kama wengi tunavyowaita, hawahesabiki mmoja mmoja. Unahesabu kumi kwa uhakika, unaangalia kumi wale wamechukua nafasi kiasi gani, unazidisha hadi upate umbo la mia, halafu unalilaza umbo hilo juu ya kundi zima kama mshonaji anavyolaza karatasi ya kipimo juu ya kitambaa. Kundi likiwa kubwa zaidi unafanya umbo la elfu. Mwaka wangu wa kwanza nilisimama Elmenteita na kutangaza elfu nne kwa sauti ya kujiamini. Mzee aliyeongoza kikundi chetu hakusema nimekosea. Alisema tu, "Rudia kutoka mwisho wa kulia." Nikapata karibu elfu saba. Nilikuwa nimesahau kwamba pembezoni ndege wametawanyika na katikati wamebanana, nami nikachukua umbo langu la mia kutoka pembezoni. Karibu kila mgeni hupunguza namna hiyo, na ni wachache sana wanaozidisha.

Tangu karibu mwaka 2010 maji ya maziwa haya yamepanda, na kazi imebadilika. Nakuru, barabara tulizopita kwa gari ziliingia ziwani. Migunga iliyokuwa ufuoni imesimama ndani ya maji ikiwa imekufa, na mnandi na bata hujificha katikati ya miti hiyo. Maji yakiongezeka, magadi hupungua nguvu, na ile mwani ndogo ya kijani-bluu wanayokula heroe wadogo hupungua pia, hivyo ndege huhamia kwingine, Bogoria kwa mfano. Aliyekuja Nakuru akitarajia picha ya kalenda, ziwa lote la waridi, hurudi nyumbani amenuna. Ila hiyo ndiyo sababu ya kuhesabu, maana ziwa lililojaa ndege miaka yote halina habari mpya ya kumpa mtu.

Kazi hii inamfaa nani? Mtu mtulivu, anayeweza kutazama kitu kimoja saa nne bila kutafuta simu, na asiyeona aibu kusema "sijui, andika bata asiyetambulika." Mtu wa watu pia, kwani ni kazi ya kikundi toka mwanzo hadi mwisho. Na ndiyo rahisi zaidi kuingia: huhitaji leseni, na mgeni hupangwa na mzoefu.

Ngulia: kazi ya mkono

Hii ndiyo vijana wengi wanaitaka, kwa sababu ya picha. Ndege mkononi, tochi ya kichwa, ukungu nyuma. Siwalaumu, nami niliingia kwa mlango huohuo.

Ngulia ni hoteli iliyo ukingoni mwa mteremko ndani ya Tsavo Magharibi, na uvishaji wa pete umekuwa ukifanyika hapo tangu 1969. Kinachotokea ni hivi: mwishoni mwa mwaka, ndege wadogo wa Ulaya na Asia hupita mashariki mwa Kenya usiku wakielekea kusini. Usiku usio na mwezi, ukungu ukishuka juu ya vilima, hupotea njia, wakaona taa za hoteli, wakashuka. Wavishaji pete huwangoja na nyavu nyembamba usiku, na kabla ya mapambazuko huhamia nyavu za vichakani. Mwezi ukiwaka au ukungu usiposhuka, mnakaa mnakunywa chai. Ukungu ukishuka, mnaweza kushika mamia kwa mamia kabla ya jua kupanda, na hapo hata chai huikumbuki.

Wengi wao ni wa aina chache. Yupo Curruca communis, yupo Luscinia luscinia, na yupo Acrocephalus palustris, kajitu ka kahawia kasiko na alama, gramu 12 hivi, yaani hakafikii karatasi tatu za A4. Huyu wa mwisho ndiye ninayempenda. Dume lake, likirudi Ulaya kuimba, huiga sauti za ndege wengine, na sehemu kubwa ya hao anaowaiga ni ndege wa Afrika aliowasikia alipokuwa huku. Kuna mtu Ubelgiji anaamka asubuhi anasikia ndege wa kwetu bila kujua.

Sasa mkono. Ndege amenaswa: kwanza tambua ameingia upande gani wa wavu, ndipo umtoe kwa upande huohuo. Miguu kwanza, kisha mabawa, kichwa mwisho. Mshike shingo ikiwa kati ya kidole cha shahada na cha kati, mgongo ukilala kiganjani. Vidole visikaze hata kidogo, kwani ndege hana kiwambo kama chetu na hupumua kwa kutanua kifua. Ukimbana kifua, atakufia mkononi akiwa hana jeraha. Kisha pete, urefu wa bawa, uzito. Unapuliza manyoya ya kifuani uone mafuta ya manjano chini ya ngozi na kuyapa alama. Unatazama hali ya manyoya kujua umri. Halafu unamwachia. Mzoefu humaliza haya kwa dakika moja hivi. Wewe utachukua tano, na foleni ya vifuko vya kitambaa itakuwa inaning'inia nyuma yako.

Hapo ndipo watu hushindwa. Kazi haina maajabu, tatizo ni kwamba haraka na upole lazima viende pamoja saa tisa za usiku. Nimemwona kijana hodari wa chuo, anayejua majina yote ya Kilatini, akitetemeka mikono hadi akaomba kuhamishwa kwenye kuandika. Na nimemwona binti aliyekuja kama msaidizi wa jikoni, mwenye mazoea ya kusuka nywele, akimtoa ndege aliyejisokota mara tatu ndani ya wavu kana kwamba anafungua fundo la uzi. Ukitaka kujua utafaa wapi, waulize wasusi kabla ya kuwauliza wahadhiri.

Usiku huo huo kuna siafu wanaopanda nguzo za nyavu, kuna mvua inayolazimu kufunga nyavu mbio, na uko mbugani, huendi peke yako gizani hata hatua ishirini.

Jambo la mwisho: huendi tu ukaanza kuvisha pete. Unaanza kama mwanafunzi chini ya mvishaji aliyeidhinishwa, na unabaki mwanafunzi kwa muda mrefu. Lakini malipo ya moyo yapo. Pete za Ngulia zimesomwa Ulaya na Mashariki ya Kati. Namba ndogo uliyoibana wewe kwa koleo, mtu mwingine anaisoma kwa lugha usiyoijua.

Arabuko-Sokoke: kazi ya sikio

Hapa hakuna picha. Nasema mapema.

Msitu una kilomita za mraba 420 hivi, mkubwa kuliko misitu mingine mikavu ya pwani iliyobaki Afrika Mashariki. Ndani yake mna sehemu za mrihi, sehemu za mbambakofi na miti mchanganyiko, na vichaka vizito vya Cynometra kwenye udongo mwekundu, na kila sehemu ina ndege wake. Hesabu hufanywa kwa vituo: unasimama mahali palipopangwa, unangoja utulivu urudi, kisha kwa dakika kumi unaandika kila ndege na umbali wake. Unatembea mita mia mbili au zaidi, unasimama tena. Kuanzia mwanga wa kwanza hadi saa tatu au nne asubuhi. Joto likiingia ndege hunyamaza, nawe umemaliza.

Macho hayakusaidii sana. Kati ya ndege utakaowaandika, wengi hutawaona kabisa. Utasikia filimbi mbili kushoto, mkwaruzo juu, kitu kama mlango mkavu nyuma yako, na itabidi uamue: ni nani, yuko mita ngapi, na je, huyu wa sasa ni yule wa dakika ya pili aliyehama au ni mwingine? Swali hilo la mwisho ndilo kazi yenyewe. Kumwandika mmoja mara mbili ni kosa jepesi kulifanya kuliko yote, tena halionekani kwenye fomu.

Wenyeji wa vijiji vinavyozunguka msitu wana faida ambayo chuo hakiwezi kukupa. Nimetembea na muongozaji wa Kigiriama aliyesimama katikati ya maongezi kuhusu bei ya korosho, akainua kidole, akataja ndege ambaye mimi sikusikia hata kidogo. Alirudia mara tatu ndipo nikasikia. Nilikuwa na shahada, yeye alikuwa na masikio.

Usiku ndio zamu ya bundi mdogo wa Sokoke, Otus ireneae. Anakaa humo vichakani na katika nyanda za chini za Usambara Mashariki, Tanzania, na hajulikani sehemu nyingi. Wimbo wake ni mluzi laini unaorudiwa kwa mpigo mmoja, na anahesabiwa kwa huo mluzi. Kuna pia mnana wa Clarke, Ploceus golandi, anayepatikana Kilifi tu. Alipewa jina la kisayansi mwaka 1913, na viota vyake vilikuja kupatikana mwaka 2013, kwenye vidimbwi vya Dakatcha kaskazini ya Mto Sabaki. Miaka mia. Hupita juu ya vilele vya miti kwa makundi yenye kelele, na mara nyingi masikio ndiyo yanayokuambia uinue kichwa.

Ubaya wake? Ndovu wamo, na kwenye kichaka kizito unaweza kumkaribia bila kujua, kwa hiyo unatembea na askari au muongozaji wa msitu, siyo kwa ushujaa wako. Mbu na kupe wamo. Upweke upo: watu wawili, hamsemezani kwa sababu mnasikiliza. Na kuna miezi ya kwanza ya kujiona mjinga, ambayo maziwani huipati kwa ukali huo. Maziwani siku ya pili unajua heroe. Msituni wiki ya tatu bado unabahatisha.

Tuje kwenye pesa

Kwa uzoefu wangu, hesabu ya maziwani ni kujitolea, ukibahatika unapata usafiri na chakula. Ngulia vilevile ni kujitolea, na ukiwa mgeni unaweza kujikuta wewe ndiye unayejigharamia. Ukiambiwa kuna "mshahara mnono wa kuvisha pete," uliza mara mbili. Msimu mmoja nilikubali kibarua kwa mkono tu, bila karatasi. Siku zilipoisha, posho ya wiki mbili ikageuka kuwa "tutawasiliana." Mpaka leo hatujawasiliana. Tangu hapo siendi popote bila barua inayotaja siku, kiasi na nani anagharamia matibabu.

Lakini angalia mbele kidogo. Sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari, na mshauri anayefanya tathmini hiyo anahitaji mtu wa kusimama vituoni alfajiri. Huyo hulipwa kwa siku, na humtaka mwenye sikio. Mashamba ya umeme wa upepo nayo yana kazi zake: Kipeto, Kajiado, kuna wachunguzi wanaotazama angani na kuagiza mitambo isimamishwe tai wanapokaribia. Hiyo ni kazi ya jicho, tena jicho la mbali, na ni ajira ya mwaka mzima, haiishii na msimu. Kwa hiyo jicho na sikio vina soko, na mkono, hodari kuliko vyote kwa picha, ndio wenye soko jembamba zaidi. Vijana hawapendi kulisikia hilo.

Ningekuwa wewe

Kama huna kitu, huna darubini wala mtu unayemjua, anza na maziwa. Utakutana asubuhi moja na watu ambao ungewatafuta mwaka mzima, na darubini ya kuazima haikosekani. Uliye Tanzania huna haja ya kuvuka mpaka: Manyara na Natron ni maziwa ya Bonde la Ufa hilohilo, na Natron ndiko heroe wadogo wa Afrika Mashariki wanakotagia. Kwa masikio unao msitu wa Amani, Usambara Mashariki.

Kama una mikono mizuri na huna haraka ya kulipwa, Ngulia itakupa kitu ambacho hakuna kozi itakupa. Nenda ukijua kwamba unakwenda kujifunza.

Kama unataka iwe riziki, nenda msituni, hata kama moyo wako uko kwenye nyavu. Sikio huchukua miaka, kwa hiyo lianze mapema. Na kama uko Nairobi huna nauli, matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, aliyoyaanzisha Fleur Ng'weno mwaka 1971, bado yapo. Wengi ninaowaheshimu katika kazi hii walianzia pale, wakisikiliza nyuma ya msafara.

Kabla hujaamua, jaribu haya nyumbani. Mwambie mtu amwage maharagwe kwenye sinia, angalia kwa sekunde tano, taja idadi, kisha hesabu. Fanya mara kumi. Ukiona unakosea kwa kiasi kilekile na upande uleule, jicho lako linafundishika. Linalokosea leo juu, kesho chini, lina safari ndefu. Kwa mkono, chukua uzi wa kushonea uliojisokota na uufungue bila kukata, ukiwa na usingizi, saa nane usiku. Ukiona hasira inapanda, umejua.

Kwa sikio, kesho toka nje saa kumi na mbili kasorobo. Chora duara kwenye karatasi, weka nukta katikati, hapo ni wewe. Funga macho dakika kumi, na kila sauti mpya uiwekee alama upande ilikotoka, karibu au mbali. Ya kwanza itakuwa jogoo, ya pili kunguru, na huenda ukaishia hapo. Rudia Jumapili inayofuata, na ile ya baadaye. Alama zikianza kuongezeka na wewe hujahama, uliza nauli ya Gede, kando ya msitu wa Sokoke.